Joto Kwanza, Hewa Baadaye: Akiba ya Nishati Pwani ya Lindi

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ulianza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa. Mwezi uliofuata shirika la umeme, TANESCO, likazima vituo vitano vya umeme wa maji, kwa kuwa uliozalishwa ulizidi uliohitajika. Nchi iliyokuwa kwenye mgawo miezi michache nyuma ikajikuta haina pa kuiweka ziada. Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikaipiga pwani ya kusini, na mafuriko yakaikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika sehemu kadhaa za wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Kila kinachofika kusini kwa lori kikabaki kusubiri barabara. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja, unaona kwamba nishati ipo, lakini inakuja saa ambayo haitakiwi, au inakaa mahali ambapo anayeitaka hawezi kuifikia. Mahindi ya ziada huenda ghalani. Umeme wa ziada hupunguzwa au huzimwa.

Wengi wakisikia habari ya kuhifadhi nishati huwaza betri. Ni wazo la kawaida, kwa sababu betri iko ndani ya simu na chini ya paneli ya sola. Lakini sehemu kubwa ya nishati inayotumika majumbani na viwandani katika mkoa kama Lindi haiwashi taa wala kuzungusha mota. Inapika, inakausha, inachemsha na inachoma. Hoja ya makala hii inaanzia hapo: Lindi ianze kwa kuhifadhi joto litakalotumika kama joto, na hewa iliyoshindiliwa chini ya ardhi iwe hatua ya pili, itakayopimwa kwa uangalifu kabla ya kupigiwa ngoma.

Kuhifadhi joto ni jambo rahisi kulielewa. Waya za umeme, mfano wa zile za hita ya maji, hupasha hewa. Hewa hiyo husukumwa ndani ya tangi lililojaa mchanga au mawe na kufunikwa kwa tabaka nene la kuzuia joto lisitoroke. Saa ya kazi inapofika, hewa baridi hupitishwa humo na kutoka ikiwa moto. Tani moja ya mawe ya kawaida ikipandishwa nyuzijoto 500 hubeba uniti zaidi ya 100, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU. Katika mji wa Kankaanpää nchini Finland, tangi la tani 100 za mchanga lilianza kazi mwaka 2022 likiwa na uwezo wa kuhifadhi uniti 8,000. Mwaka 2025, huko Pornainen, likazinduliwa kubwa zaidi: tani 2,000 za mawe ya sabuni yaliyosagwa, uniti 100,000. Yote mawili hupeleka joto lake kwenye mabomba ya kupasha nyumba, na hapo ndipo siri ya mafanikio yake ilipo. Joto likitoka kama joto, sehemu kubwa ya kilichowekwa hurudi. Likigeuzwa tena kuwa umeme, kanuni za fizikia hudai ushuru mzito, na katika kila uniti 100 zilizoingia zinaweza kurudi 40 au chini ya hapo. Mitambo mikubwa ya jua ya Ouarzazate, Morocco, hukubali ushuru huo kwa sababu jua la jangwani huipa joto moja kwa moja. Hupasha chumvi iliyoyeyushwa mchana, na joto la chumvi hiyo huendelea kuzalisha umeme kwa saa kadhaa baada ya magharibi. Anayenunua umeme ili autengenezee joto, kisha alirudishe kuwa umeme, amechagua njia ya hasara.

Sasa tutazame kazi za Lindi zenyewe. Punje za korosho baada ya kubanguliwa hukaushwa kwa joto la kadiri, lisilofikia hata la maji yanayochemka, na kabla ya hapo korosho ghafi hupitishwa kwenye mvuke. Dagaa, pweza, nazi na muhogo vyote hutaka hewa kavu yenye uvuguvugu, hasa masika jua linapojificha. Hospitali hutaka maji ya moto na mvuke wa kuulia vijidudu kwenye vifaa. Hakuna kazi kati ya hizi inayodai moto wa kuyeyusha chuma, na nyingi kwa sasa hufanywa kwa kuni, mkaa, dizeli au kwa kungoja jua. Viwanda vikubwa vya korosho vilivyojengwa miaka ya 1970, vikiwemo vya Mtama na Nachingwea, vilikwama kwa sababu nyingi, na si haki kuutupia umeme lawama zote. Hata hivyo, mbanguaji mdogo wa leo anayetaka kushindana na wa India au Vietnam hawezi kulipuuza suala la joto la bei nafuu. Tangi la mawe linalojazwa usiku wa manane, wakati bwawa la Rufiji lina nguvu isiyo na mnunuzi, lingempa hewa ya moto mchana kutwa.

Pwani hii ina nyenzo nyingine ambayo Finland haina. Wenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Kilwa hufahamu kuliko yeyote jinsi jua linavyofanya kazi juu ya maji ya bahari. Maarifa hayohayo yanaweza kutengeneza bwawa linalotunza joto. Chini huwekwa maji yaliyokolea chumvi, juu maji yenye chumvi kidogo. Jua hupenya hadi chini na kuyapasha yale mazito. Kwa kawaida maji ya moto hupanda na kulipeleka joto lake hewani, lakini haya hubaki chini kwa uzito wa chumvi, yakafikia nyuzijoto 80 hivi. Bomba likipitishwa humo huchota joto usiku na mchana. Miaka ya 1990, karibu na mji wa Bhuj huko Kachchh, India, bwawa la namna hii lenye mita za mraba 6,000 lilipeleka maji ya moto kwenye kiwanda cha maziwa. Kachchh ndiko walikotoka wafanyabiashara wengi waliovuka bahari kuja Kilwa na Lindi, na hali yake ya jua, chumvi na ardhi tambarare inashabihiana na ya huku.

Chokaa nayo inastahili kutajwa, kwani Kilwa Kisiwani imesimama juu yake. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo. Chokaa iliyotoka tanurini ukiimwagia maji hutokota. Tani moja hutoa joto linalokaribia uniti 300. Sehemu ya moto wa tanuri ilikuwa imefungwa ndani yake, na ikitunzwa pakavu hukaa miezi bila kupoa. Mjini Berlin mwaka 2019 lilizinduliwa jaribio la akiba ya joto linalotumia tabia hii: chokaa hulowanishwa ili itoe joto, kisha hukaushwa kwa nyuzijoto 500 hivi na kutumika tena. Hakuna haja ya kuvunja matumbawe mapya wala kukata mikoko, uharibifu ambao uchomaji wa kale uliubeba. Ugumu uliopo ni kwamba chembe za chokaa hushikamana na kupasuka kadiri mizunguko inavyoongezeka, kwa hiyo teknolojia hii bado iko nyuma ya mawe na mchanga.

Hewa ni habari nyingine. Anayejaza baiskeli upepo hugundua upesi kwamba pampu inapata moto: hewa ikishindiliwa hutoa joto, na ikifunguliwa hupoa. Tabia hiyo ndiyo iliyoamua historia ya mitambo inayohifadhi nishati kwa hewa iliyoshindiliwa. Mtambo wa kwanza mkubwa ulijengwa Huntorf, Ujerumani, mwaka 1978, ukiwa na uwezo wa megawati 290. Usiku ulishindilia hewa ndani ya mapango mawili yaliyochongwa kwenye chumvi, zaidi ya mita 600 chini ya ardhi, mchana ukaifungulia izalishe umeme. Joto la kushindilia lilitupwa, hivyo hewa ilipotoka ilibidi ipashwe upya kwa gesi asilia. Kwa kila uniti iliyouzwa, Huntorf ilitumia uniti 0.8 za umeme na gesi yenye nishati ya uniti 1.6. Mtambo wa McIntosh, Alabama, ulifuata mwaka 1991 na kupunguza matumizi ya gesi. Hatua kubwa imepigwa China: mtambo wa megawati 300 ulioko Yingcheng, mkoa wa Hubei, uliounganishwa na gridi mwaka 2024, hulitunza joto la kushindilia katika matangi na kulirudisha wakati hewa inatoka, kwa hiyo hauchomi gesi na hurudisha takriban uniti 70 kwa kila 100. Maana yake, hata akiba ya hewa husimama kwa akiba ya joto. Asiyejifunza kutunza joto kwanza hataiweza hewa.

Kwa nini tuijadili Kilwa? Kwa sababu visima vya utafutaji mafuta vilivyochimbwa na BP na Shell katika bonde la Mandawa miaka ya 1950 vilipita kwenye tabaka nene za chumvi ya kale. Pango la chumvi husifika kwa kuwa chumvi haivuji hewa na nyufa zake hujifunga zenyewe. Lakini unene peke yake hautoshi. Chumvi ikiwa ndani mno, uzito wa ardhi hulibana pango taratibu. Ikiwa na matope mengi, kuta hazichongeki sawa. Tena pango huchongwa kwa kuyeyusha: kila mita moja ya ujazo hutaka mita saba au nane za maji. Mapango ya ukubwa wa yale ya Huntorf, mita za ujazo kama 300,000, yangehitaji maji zaidi ya mita milioni 2 na kutoa chumvi inayozidi tani 600,000. Ikimwagwa ovyo baharini itaumiza mikoko, matumbawe na wavuvi. Ikikaushwa na kuuzwa kwa mkupuo itawaangusha wenye mashamba ya chumvi. Mradi usiojibu swali hilo mapema haustahili kuanza.

Yapo mapingamizi. La kwanza husema Kilwa ina gesi, na gesi ardhini ni akiba tosha. Ni kweli kwamba gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, huwashwa na kuzimwa kwa mahitaji. Lakini ikichomwa hairudi, na kila saa inayotumika kukausha au kuchemsha wakati maji ya Rufiji yana ziada ni saa iliyopotezwa. Pia gesi hiyo haimfikii mpishi kama wengi wanavyodhani: mitungi ya majumbani hujazwa gesi ya aina nyingine, inayokuja nchini kwa meli. La pili ni la betri, ambazo bei yake imeshuka sana. Kwa taa, simu, friji ya zahanati na kilele cha jioni, betri inashinda, na Lindi ina faida humo kwa sababu madini ya kinywe ya Ruangwa ni malighafi yake. Ila kutumia betri kuchemsha maji ni kununua kitu ghali kufanya kazi ya mawe. La tatu ni kwamba joto huvuja. Huvuja kweli, na kwa sababu hiyo tangi dogo la nyumbani halifai. Ukiliongeza tangi mara mbili kila upande, ujazo hukua mara nane, eneo la kuvujia mara nne tu. Kwa hiyo mahali pake ni kiwandani, hospitalini, kwenye ushirika wa korosho na soko la samaki.

Yanayotakiwa ili kuanza si makubwa. TANESCO na mdhibiti wa nishati, EWURA, wangeweza kuweka bei nafuu ya saa za ziada kwa mteja anayekubali kuwashiwa na kuzimiwa hita kwa amri ya gridi. Bila bei hiyo, hesabu ya tangi haitoki hata likijengwa kwa msaada. Vyuo vya ufundi vya VETA hufundisha mafundi wa kuchomelea matangi na kufunga mabomba. Kumbukumbu za visima vya Mandawa zinaweza kusomwa upya na wanajiolojia kwa swali la chumvi badala ya mafuta, kabla ya yeyote kuahidi mapango. Kuhusu ukubwa, Lindi ina funzo lake: mradi wa kusindika gesi ya kina kirefu cha bahari huko Likong'o umesubiriwa kwa zaidi ya miaka kumi, kwa sababu unategemea mikataba ya mabilioni na kampuni za ng'ambo. Tangi la mawe haliingoji mikataba hiyo. Linaweza kujengwa kwa ushirika mmoja, likapimwa msimu mmoja wa korosho, na likiwa na kasoro, hasara yake italipika.