Lifetime: Chaneli iliyouza macho ya akina mama

Na Mwandishi Wetu

KATIKA ukurasa huu msomaji amezoea kukuta bei ya mahindi kwa gunia, kahawa kwa kilo na dola kwa shilingi. Wiki hii tunaigusa bidhaa isiyopimwa kwa mizani, nayo ni macho ya mtazamaji wa televisheni. Mwenye chaneli huyakusanya macho hayo, kisha huyauza kwa mwenye sabuni, mwenye unga na mwenye mafuta ya kujipaka. Vipindi ni chambo tu.

Mfano mzuri wa biashara hiyo ni Lifetime ya Marekani, chaneli ya kebo iliyojitangaza kuwa ya wanawake na ambayo sasa imepita miaka 40. Historia yake inamhusu kila mfanyabiashara anayejiuliza swali moja: je, ni busara kuchagua aina moja ya mteja na kuwaacha wengine?

WABIA WATATU NA HASARA

Lifetime ilianza Februari 1, 1984. Haikuzaliwa kwa sababu kuna mtu aliyewaonea wanawake huruma, bali kwa sababu chaneli mbili zilikuwa zinakula hasara. Ya kwanza iliitwa Daytime, mali ya kampuni za Hearst na ABC, iliyokuwa ikirusha vipindi vya wanawake kwa saa chache za mchana. Ya pili iliitwa Cable Health Network, ya kampuni ya Viacom, iliyokuwa ikizungumzia afya. Zote mbili zilianzishwa mwaka 1982, na zote hazikufua dafu. Wenye mali wakaona heri waunganishe nguvu, kila mmoja akachukua theluthi.

Ndoa hiyo ilikuwa na matatizo yake. Jina jipya halikumwambia mteja ni nini kinachouzwa. Kulikuwa na mazoezi ya viungo, malezi ya watoto, mapishi, na kipindi cha Dk. Ruth Westheimer, mama aliyejibu maswali ya unyumba bila kupepesa macho. Kisha kila Jumapili chaneli iliwageukia madaktari, ikarusha vipindi vya kitabibu vilivyobeba matangazo ya makampuni ya dawa. Ni sawa na duka linalouza khanga siku sita, halafu siku ya saba linafungia khanga kabatini na kuuza dawa za mifugo. Jumapili hizo za madaktari zililipa, ndiyo maana ziliendelea hadi mwaka 1993. Lakini zilimchanganya mteja wa khanga.

Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya hasara ya mamilioni ya dola. Faida ilianza kuonekana mwaka 1986.

MIFUKO MIWILI YA MAPATO

Ili msomaji aelewe kilichowavutia wabia wasikimbie, lazima tueleze jinsi chaneli ya kebo inavyopata fedha. Inayo mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni ada. Kila nyumba iliyounganishwa hulipa kwa kampuni ya kebo kila mwezi, na kampuni hiyo humkatia mwenye chaneli senti kadhaa kwa kila nyumba, iwe inaitazama au haiitazami. Mfuko wa pili ni matangazo ya biashara. Kituo cha kawaida kinachopokelewa kwa antena kilitegemea zaidi mfuko wa pili. Kwa hiyo chaneli ya kebo iliweza kuishi na watazamaji wachache, mradi wawe wale ambao mwenye bidhaa anawatafuta.

Na mwenye bidhaa alikuwa anamtafuta mwanamke. Tangu miaka ya 1930 viwanda vya sabuni vya Marekani vilikuwa vikilipia michezo ya kuigiza redioni ili kumfikia mama wa nyumbani, na ndiyo asili ya michezo hiyo kuitwa kwa jina la sabuni mpaka leo. Hearst nayo haikuwa mgeni wa soko hilo. Ndiyo mwenye magazeti ya Cosmopolitan na Good Housekeeping, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakiuza kurasa zake kwa watangazaji hao hao.

MITUMBA KWANZA, KIWANDA BAADAYE

Kutengeneza mchezo wa televisheni ni ghali. Lifetime ilianza kwa njia ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo ataielewa mara moja: ilinunua mitumba. Ilichukua tamthilia ambazo vituo vikubwa vilikwisha kuzionyesha, hasa zenye wahusika wakuu wanawake, kama Cagney & Lacey. Baadaye, tangu mwaka 1997, ilirudia The Golden Girls, kichekesho cha wanawake wanne watu wazima wanaoishi nyumba moja, na kikaipatia watazamaji kwa zaidi ya miaka kumi.

Kutoka mitumba ikasogea hatua ya pili. Kituo cha NBC kilipoiacha tamthilia ya The Days and Nights of Molly Dodd, Lifetime iliichukua na kulipia sehemu mpya. Hatua ya tatu ilikuwa kushona nguo zake yenyewe. Mwaka 1990 ilionyesha filamu yake ya kwanza, Memories of Murder. Hesabu ya filamu ni nyepesi: inatengenezwa mara moja, ikishindwa hasara ni ya filamu moja, ikipendwa inarudiwa mara nyingi bila kulipia upya utengenezaji wake. Tangu hapo filamu ikawa ndiyo alama ya duka.

Mwaka 1994 Viacom ilijitoa, ikawauzia wenzake theluthi yake kwa zaidi ya dola milioni 300. Ukikumbuka kuwa miaka kumi nyuma theluthi hiyo ilikuwa chaneli ya afya inayokula hasara, utaona thamani ya subira. Hearst na ABC wakabaki nusu kwa nusu, na ABC iliponunuliwa na Disney mwaka 1996, nusu hiyo ikaingia katika himaya ya Disney.

Wakati huo huo wabia waliacha kusitasita. Katikati ya miaka ya 1990 walitundika kibao cha dukani kwamba hii ni televisheni ya wanawake.

KILELENI

Kibao hicho kililipa. Mwaka 1997 ilipoanzishwa WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake, Lifetime ilikuwa miongoni mwa waliorusha michezo yake. Mwaka 1998 ilifungua chaneli ya pili ya filamu tupu, na ikaanza tamthilia ya Any Day Now, inayohusu wanawake wawili wa Birmingham, Alabama, mmoja mweusi na mwingine mweupe, waliokuwa marafiki tangu utoto. Mwaka 1999 uongozi ulishikwa na mwanamke, Bi. Carole Black. Mwaka 2000 ikaja Strong Medicine, tamthilia ya madaktari wanawake. Aidha chaneli iliendesha kampeni dhidi ya saratani ya matiti, jambo lililoipa heshima kwa watazamaji na kwa watangazaji pia.

Mwaka 2001 Lifetime ilishika nafasi ya kwanza kwa watazamaji wa jioni miongoni mwa chaneli zote za kebo za msingi nchini Marekani. Aliyechagua mteja wa aina moja aliwapita waliotaka wateja wote.

Hata hivyo lawama hazikukosekana. Wapo waliosema kuwa filamu zake zinachuma fedha kutokana na hofu ya mwanamke: mke anapigwa, binti anatoweka, mume mpole kumbe ni muuaji. Watetezi wakajibu kwamba mwishoni mwanamke husimama na kushinda, na kwamba mambo hayo yapo majumbani, na vituo vikubwa vilikuwa vikiyakwepa. Kwa upande wa soko, jambo moja halina ubishi: hofu iliuzika.

DUKA LA JIRANI

Biashara ikichanganya, jirani naye hufungua duka. Chaneli ya Romance Classics, iliyoanza mwaka 1997, ilibadili jina mwaka 2001 na kuitwa WE, ikilenga wanawake. Februari 2000 ilizinduliwa Oxygen, iliyoanzishwa na Bi. Geraldine Laybourne pamoja na wenzake, akiwemo mtangazaji mashuhuri Oprah Winfrey. Oxygen ilikuwa na majina makubwa, lakini ilihangaika kupata nafasi katika kebo za miji mikubwa. Mwaka 2007 iliuzwa kwa NBC Universal kwa dola milioni 925, na mwaka 2017 ikageuzwa kuwa chaneli ya habari za uhalifu.

Lifetime yenyewe ilionjeshwa hatari ya kutegemea barabara ya mtu mwingine. Mwanzoni mwa 2006 iligombana kuhusu ada na kampuni inayoendesha huduma ya setilaiti ya Dish, na ikaondolewa kwa takriban mwezi mzima. Vyama vya wanawake vililalamika, ikarudishwa. Lakini somo lilibaki: mwenye barabara anaweza kuweka kizuizi wakati wowote.

Mwaka huo huo kibao cha televisheni ya wanawake kilishushwa. Uongozi ulitaka watazamaji vijana zaidi na sura mpya. Army Wives, tamthilia ya wake wa wanajeshi, ilifanya vizuri tangu 2007. Mwaka 2009 chaneli ilipata shindano la mitindo la Project Runway baada ya kesi na NBC Universal, na mwaka huo ikaunganishwa na kampuni ya A&E, ambayo Hearst na Disney walikuwa wabia wake. Mwaka 2014 ilifika Afrika kupitia DStv.

SOKO LAHAMA

Jambo linalopaswa kumkosesha usingizi mfanyabiashara ni la mwaka 2018. Lifetime ilionyesha tamthilia ya You, ya kijana anayemwandama msichana kwa mapenzi ya hatari. Ilikuwa hadithi ya nyumbani kwao kabisa. Watazamaji walikuwa wachache, chaneli ikaachana nayo. Desemba mwaka huo Netflix ikaiweka katika mtandao, na ikakadiria kuwa nyumba milioni 40 zingeitazama katika wiki nne za mwanzo. Bidhaa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali ilipopangwa.

Hata hivyo duka la zamani halikuwa limekufa. Januari 2019 ilionyesha Surviving R. Kelly, ambamo wanawake walimshutumu hadharani mwanamuziki huyo. Mwaka 2021 alitiwa hatiani mjini New York, na 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 30.

Lakini mfuko wa kwanza, ule wa ada, unatoboka. Mwaka 2011 Lifetime ilikuwa katika nyumba karibu milioni 100 za Marekani. Mwishoni mwa 2023 zilikuwa milioni sitini na ushee, kwani watu wanakata kebo na kuhamia intaneti. Nyumba inayokata kebo inaondoka na senti zake, hata kama mama wa nyumba hiyo bado anapenda filamu zile zile.

Kwa hiyo jibu la swali letu la mwanzo ni ndiyo, ilikuwa busara kuchagua mteja mmoja. Faida ilikuja pale kibao kilipotundikwa wazi, na mteja huyo hajaisha hata leo. Kosa la wenye chaneli nyingi lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa wanamfahamu mteja, basi wanamiliki na njia anayopita kwenda sokoni. Gulio limehama, na anayebaki kwenye kibanda cha zamani akisubiri ada ya mwezi ajue kuwa mteja wake yuko ng'ambo ya pili, ananunua.