Maji ya tangi yanang'aa lakini samaki wanakufa? Angalia kwenye kokoto

Wengi wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani hupima usafi wa tangi kwa macho. Maji yakiwa maangavu, basi ni safi. Shida ni kwamba kinachowaua samaki hakionekani.

Chakula kisicholiwa huzama, kikajificha katikati ya kokoto na kuanza kuoza. Kikioza hutoa amonia, sumu isiyo na rangi. Samaki wenyewe nao huitoa, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Kwenye miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa hali ni mbaya zaidi, maana maji ya moto moto hubeba oksijeni kidogo na ukali wa amonia huongezeka.

Samaki aliyezidiwa hupanda juu na kuhema mdomo wazi. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanadhani ana njaa, wanamwongezea chakula.

Mara nyingi chanzo ni kwamba kila mtu nyumbani analisha. Baba asubuhi, mtoto akitoka shule, dada wa kazi jioni, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Bora kazi hiyo awe nayo mtu mmoja. Kipimo ni chakula wanachomaliza ndani ya dakika 2 au 3, mara moja au mbili kwa siku. Samaki wakubwa wenye afya wakikosa siku moja hawadhuriki.

Kutoa taka za chini hakuhitaji kifaa cha bei. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa ndogo ya maji iliyokatwa kitako. Mdomo wa chupa uchomeke kwenye mpira. Ndoo ikae chini kuliko tangi. Zamisha chupa na mpira wote ndani ya tangi mpaka ujae maji, ziba ncha ya mpira kwa kidole, ilete kwenye ndoo, kisha achia. Maji yatashuka yenyewe. Kuvuta kwa mdomo, kama wafanyavyo wauza petroli wa mtaani, ni kumeza kinyesi cha samaki na vijidudu vyake.

Pitisha chupa juu ya kokoto ukiichomeka kidogo kidogo. Taka nyepesi zitapanda, kokoto zitarudi chini. Usisahau nyuma ya mapambo na kwenye kona, ndiko mabaki yanakorundikana. Robo ya maji ikishatoka, acha. Wiki ijayo utaendelea. Maji hayo machafu, kama tangi si la maji chumvi, mwagia maua au mchicha. Ni mbolea nzuri.

Kosa jingine ni kuosha kila kitu kwa sabuni. Kwenye sponji ya filta na kwenye kokoto wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina ukali huo. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kustawi kwenye tangi jipya, na sabuni au klorini ya bomba huwaua mara moja. Sponji ikamuliwe kwenye ndoo ileile ya maji yaliyotoka tangini. Maji mapya ya bomba yaachwe wazi siku nzima ili klorini itoke, au yawekewe dawa ya matone inayouzwa kwenye maduka ya samaki.

Yule "samaki msafishaji" anayeuzwa pamoja na tangi naye asikudanganye. Anakwangua ukijani kwenye kioo, kinyesi cha wenzake hali, na cha kwake ni kingi.

Umeme ukikatika, usilishe kabisa hadi urudi. Filta imesimama, kwa hiyo kila punje itakayobaki itaozea humo humo. Giza likiwa la saa nyingi, chota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yashike hewa. Filta nayo isuuzwe kabla ya kuwashwa, maana maji yaliyolala ndani yake huwa yameshaharibika.