Tiaa, Mama wa Mufalme katika Misri ya Kale

Kila mutu aliyesoma kidogo habari za Misri ya kale anajua majina ya Nefertiti na Kleopatra. Lakini walikuwako wake wengine wa wafalme, ambao majina yao yamebaki tu juu ya vipande vya mawe. Leo tunataka kusema habari za mumoja wao, Tiaa. Habari zake zinatufundisha namna ya kutafuta ukweli wa mambo ya zamani. Zinatuonyesha pia namna mutu wa elimu anavyoweza kukosea.

Tiaa alikuwa muke wa Mufalme Amenhotep wa Pili, aliyetawala Misri karibu mwaka 1425 mpaka 1400 mbele ya Kristu. Mwana wao ni Thutmose wa Nne, aliyeshika ufalme nyuma ya baba yake.

Tutawezaje kumujua mwanamuke wa namna hii? Kwanza tuangalie vyeo vyake. Waandishi wa Misri walichunga sana vyeo. Mwanamuke aliyezaliwa na mufalme aliitwa «Binti wa Mufalme», wala hakupoteza jina hilo alipoolewa. Tiaa haitwi hivyo mahali popote. Basi, wenye elimu wanafikiri ya kuwa hakuzaliwa katika jamaa ya wafalme.

Pili, tuulize: Ni nani aliyeandika, na wakati gani? Amenhotep hakuwapa wake zake nafasi katika majengo yake. Wengine wanaeleza ya kuwa aliogopa kuwapa wanawake nguvu, kwa maana mbele kidogo Hatshepsut, mwanamuke, alikuwa ametawala kama farao. Mwana ndiye aliyevunja kimya hicho. Thutmose alipopata ufalme, alimupa mama yake vyeo vitatu: «Mama wa Mufalme», «Muke Mukubwa wa Mufalme», na «Muke wa Mungu», maana yake mutumishi wa mungu wao Amoni. Huko Karnak ilionekana sanamu ya jiwe jeusi, ambayo sasa ni katika nyumba ya vitu vya kale ya Kairo. Mama na mwana wameketi pamoja, kila mumoja ameweka mukono nyuma ya mwenzake.

Sasa tuone kosa. Mwaka 1905, Mwingereza Edward Ayrton alifungua kaburi la Mufalme Siptah katika Bonde la Wafalme. Siptah alitawala karibu miaka 200 nyuma ya Thutmose. Ndani ya kaburi vilionekana vipande vya vyombo vya maziko vyenye jina la Tiaa. Watu wakasema: «Mama wa Siptah naye aliitwa Tiaa.» Neno hilo likaingia katika vitabu, na likafundishwa muda mrefu.

Lakini karibu na hapo palikuwa na kaburi lingine, ambalo Mufaransa Victor Loret alilivumbua mwaka 1898. Halikumalizwa kuchongwa, halikuwa na picha wala jina. Likaitwa tu namba 32. Miaka 100 ilipita. Ndipo watu wa Chuo Kikuu cha Basel, katika Uswisi, walipoondoa kwa uangalifu udongo na mawe yaliyolijaza. Wakapata vipande vya sanduku la kuwekea viungo vya ndani vya maiti, na jina lililoandikwa ni Tiaa, muke wa Amenhotep.

Mambo yakaeleweka. Mafundi waliochimba kaburi la Siptah walitoboa, bila kutaka, ukuta wa kaburi la zamani. Maji ya mvua kubwa yakapita katika tundu hilo, yakachukua vitu vya Tiaa na kuviingiza kwa Siptah. Tena, jiwe moja lililo Louvre, mjini Paris, linamutaja mama wa Siptah kwa jina lingine kabisa: Sutailja, jina lisilo la Kimisri.

Basi, jina lilikuwa la kweli, lakini mahali palidanganya. Wale wa kwanza hawakuwa wajinga. Waliuliza: «Jina hili ni la nani?» Walisahau kuuliza: «Kitu hiki kilifikaje hapa?» Sisi pia, tunapokusanya habari za wazee wetu au tunapofungua karatasi za zamani za misioni, tuulize maswali yote mawili mbele ya kuandika.

Kuna neno la mwisho. Kama mwana asingeandika jina la mama yake, leo tungekuwa na kaburi tupu lenye namba tu. Vitabu vya Wafalme katika Biblia vilifanya vizuri kutaja mama za wafalme wa Yuda. Basi, tunapojaza kitabu cha ubatizo, tusiridhike na jina la baba peke yake. Tumuulize mama jina lake, tuliandike sawasawa.