Kwa Nini Bendi ya Watu wa Tanga Ilipendwa Kenya

Wenzangu bwenini husema mara kwa mara kwamba mwanamuziki wa nchi zetu akitaka kupendwa ugenini sharti aimbe Kiingereza na kuwaiga Wamarekani. Mimi sikubali. Nataka kueleza, kwa mfano mmoja wa kweli, jinsi bendi ya wageni inavyoweza kuwavuta wenyeji, nanyi wasomaji mpime wenyewe.

Wenzangu hao hupenda kuwataja The Beatles. Ni kweli kwamba mwezi wa Februari 1964 vijana hao wanne wa Liverpool, Uingereza, walifika New York, na watu wapatao milioni 73 wakawatazama katika televisheni usiku mmoja. Lakini tukichunguza, walichowapelekea Wamarekani hakikuwa kigeni kabisa. Walikuwa wamejifunza kwa kusikiliza santuri za Wamarekani weusi, kama Chuck Berry na Little Richard. Wakatia sauti zao na ucheshi wa kwao, kisha wakawarudishia wenyeji chakula chao wenyewe, kimeungwa kwa viungo vipya. Basi kanuni ni hii: msikilizaji huvutwa na kitu ambacho nusu yake anaijua, na nusu nyingine ni mpya kwake.

Sasa tuje kwetu. Wilson na George Kinyonga walikuwa ndugu, watu wa Tanga. Katika miaka ya 1960 walipiga muziki katika Jamhuri Jazz Band ya mji huo. Mwaka 1970 walikuwa Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka mpaka wakaingia Kenya, na huko bendi yao ikaja kuitwa Simba Wanyika. Mwaka 1975 walitoa santuri yao ndefu ya kwanza, Jiburudisheni na Simba Wanyika. Walifika wakiwa wageni, lakini haukupita muda mrefu wakawa miongoni mwa bendi zilizopendwa sana katika nchi hiyo. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni lugha. Siku zile Wakenya walikuwa wamekwisha kuipenda rumba ya Kongo. Waliicheza hadi usiku wa manane, lakini maneno yake yalikuwa ya Kilingala, na wengi hawakuyaelewa. Kwa upande mwingine walikuwa na benga, muziki mtamu wa nchini, nao uliimbwa zaidi kwa Kijaluo na lugha nyingine za makabila. Mtu wa kabila lingine alipata ngoma akakosa habari. Wakina Kinyonga walikuja na rumba, ila waliiimba kwa Kiswahili laini cha pwani. Fundi wa Nakuru, karani wa Kisumu na mvuvi wa Mombasa wote waliweza kuufuata wimbo mmoja. Tena nyimbo zilisema mambo ya nyumbani: mapenzi, wivu, ugomvi wa wapendanao. Hivyo nusu iliyojulikana ilikuwa mchezo wa rumba, na nusu mpya ilikuwa kuelewa kile unachokicheza.

Sababu ya pili ni upigaji. Gitaa la ridhimu hurudia kifungu kimoja kidogo bila kuchoka, besi hulijibu, na gitaa la solo huingia palipobaki nafasi. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: michi hupishana, haigongani. Muziki wa namna hiyo haumchoshi mtu, wala haufuniki maneno ya mwimbaji.

Sababu ya tatu ni vyombo vya kazi. Tanzania wakati ule haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, zikasikika hewani, na mara nyingi wimbo uliishia hapo. Bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama na mashirika, kama vile NUTA Jazz iliyokuwa ya chama cha wafanyakazi, na magitaa yalikuwa ya mwajiri. Nairobi kulikuwa na viwanda vya santuri na maduka ya kuziuza, na santuri husafiri kwa basi mpaka kijijini. Lakini kiwanda peke yake hakitoshi, maana bendi nyingine nyingi zilitumia viwanda hivyo hivyo zikasahauliwa.

Yako majaribio yaliyothibitisha nguvu ya muziki huo. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Katikati ya shida hiyo, mwaka 1978, wapigaji kadhaa walijitenga na Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika. Miongoni mwao walikuwa Omari Shabani wa ridhimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. Mwimbaji John Ngereza akaungana nao. Wimbo wao Sina Makosa ulipendwa Kenya, ukapendwa na huku kwetu pia, ingawa lango la Namanga lilikuwa limefungwa. Magari yalizuiwa, mawimbi ya redio hayaombwi pasi.

George Kinyonga alifariki mwaka 1992, na Wilson mwaka 1995. Nyimbo zao bado hupigwa katika pande zote mbili za mpaka.

Sisi wa Igamba tunaishi karibu na mpaka mwingine, ule wa Tunduma, na tunaona jinsi malori yanavyosubiri kuvuka kwenda Zambia. Wimbo hausubiri foleni. Anayetaka kuimba Kiingereza na aimbe, kwani ni lugha njema. Ila asikitupe Kiswahili kwa kudhani kwamba kinamfungia mlango. Wana wa Tanga kilikuwa ndicho ufunguo wao.

Kwa wazazi na walimu wetu nina neno moja. Wakina Kinyonga hawakukosa kipawa nyumbani, walikosa vyombo, na kipawa kisicho na vyombo huhama. Kijana akionekana na gitaa, asiitwe mhuni kabla hajasikilizwa. Shule yetu ikipata hata magitaa mawili na mtu wa kutufundisha baada ya vipindi, tutaweza kuanza hapa hapa.