Kiolezo cha hati

Kiolezo cha hati (pia: kigezo cha hati) ni faili maalumu la programu ya kuandikia, kama vile Microsoft Word au LibreOffice Writer, linalohifadhi mipangilio ambayo hati mpya huanza nayo. Mipangilio hiyo ni pamoja na ukubwa wa karatasi, pambizo, fonti, nafasi kati ya mistari, lugha ya kukagulia tahajia na mitindo. Mtindo ni kundi la amri za mwonekano lililopewa jina moja, kwa mfano mtindo wa vichwa vya sura au wa aya za kawaida.

Neno kiolezo linatokana na kitenzi kuoleza, yaani kutengeneza kitu kwa kufuata mfano wa kingine.

Kila hati ina kiolezo

Katika Microsoft Word hakuna hati isiyo na kiolezo. Mtumiaji akifungua ukurasa mtupu, programu husoma kwanza kiolezo kiitwacho Normal. Faili lake liliitwa Normal.dot hadi toleo la 2003. Tangu toleo la 2007 huitwa Normal.dotm. Katika toleo hilo la 2007 hati mpya zilianza kutumia fonti ya Calibri yenye ukubwa wa 11 badala ya Times New Roman yenye ukubwa wa 12, kwa sababu mipangilio ya mwanzo ilikuwa imebadilishwa.

Kwa hiyo mtu anayerekebisha pambizo kila anapoanza kuandika anatibu hati moja tu. Akirekebisha kiolezo, hati zote atakazoanzisha baadaye zitafuata.

Mfano mmoja ni karatasi. Afrika ya Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia karatasi ya A4 yenye milimita 210 kwa 297. Marekani hutumia Letter, yenye milimita 215.9 kwa 279.4. Programu iliyowekewa mipangilio ya Marekani huanza na Letter, na hati ikihamishiwa kwenye A4 kurasa zinaweza kukatika mahali pengine na namba za jedwali la yaliyomo zisilingane tena.

Mfano mwingine ni lugha. Maneno ya Kiswahili yakipigiwa mistari myekundu, mara nyingi sababu ni kwamba mtindo wa aya umewekewa Kiingereza. Lugha ikibadilishwa ndani ya kiolezo, tatizo hilo halitajirudia katika hati mpya.

Kinachonakiliwa na kinachobaki

Hati inapoanzishwa, maandishi yaliyomo katika kiolezo, mipangilio ya ukurasa na mitindo hunakiliwa na kuingizwa ndani yake. Tangu hapo hati ina nakala yake yenyewe. Kiolezo kikibadilishwa baadaye, hati za zamani hazibadiliki. Mwanafunzi aliyeandika sura tatu za tasnifu kabla ya kurekebisha kiolezo atalazimika kuzirekebisha sura hizo pia.

Makro (mifululizo ya amri zinazotekelezwa kwa pamoja), njia za mkato za kibodi na vipande vya maandishi vilivyohifadhiwa kwa matumizi ya mara kwa mara hubaki ndani ya kiolezo. Hati ikipelekwa kwenye kompyuta nyingine bila kiolezo chake, mwonekano huenda nayo lakini vitu hivyo haviendi.

Word ina chaguo la kusasisha mitindo ya hati kila inapofunguliwa. Chaguo hilo hugusa mitindo tu, si pambizo wala ukubwa wa karatasi. Lina hatari yake: hati inayotegemea Normal ikifunguliwa kwenye kompyuta ya duka la uchapishaji, huchukua mitindo ya Normal ya kompyuta hiyo na mwonekano wake hubadilika. Kwa hati za kawaida ni salama zaidi kuliacha likiwa limezimwa. LibreOffice Writer huuliza kwanza: hati ikifunguliwa baada ya kiolezo chake kubadilishwa, mtumiaji huchagua kusasisha mitindo au kubaki na ya zamani.

Kutengeneza kiolezo

Hati ya kawaida hupangwa kama inavyotakiwa, maandishi yasiyohitajika hufutwa, kisha huhifadhiwa kama kiolezo. Katika Word jina la faili huishia na .dotx, au .dotm kama kina makro. Katika LibreOffice huishia na.ott. Kiolezo kikibofywa mara mbili hufunguka kama hati mpya isiyo na jina, hivyo chenyewe hakiharibiki. Katika Word, anayetaka kukihariri hukifungua kwa amri ya kufungua faili iliyo ndani ya programu.

Normal ikiharibika, Word hufungwa, faili la Normal.dotm hupewa jina jingine, kisha programu huwashwa tena. Word huunda Normal mpya yenye mipangilio ya awali.

Usalama

Kwa kuwa Normal husomwa kila Word inapowashwa, ilivutia watunga virusi vya kompyuta. Kirusi cha Concept, kilichoenea mwaka 1995, kilijinakili ndani ya Normal.dot na kutoka hapo kikaingia katika hati nyingine. Melissa, cha Machi 1999, kiliambukiza kiolezo hichohicho na kujituma kwa barua pepe kwa anwani 50 za kwanza za mtumiaji.

Tangu toleo la 2007, faili la .dotx haliwezi kubeba makro; .dotm linaweza. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Hata hivyo, kiolezo cha .dotm kutoka kwa mtu asiyejulikana hakifai kufunguliwa.