Kuilaza Arduino ili betri idumu

Ndugu zangu, kifaa nilichomtengenezea mama kupimia maji ya tangi kule Dodoma lazima kikae miezi, maana hana wa kumbadilishia betri. Dawa ni usingizi. Chipu ya ATmega328P ikilala fofofo hula maikroampea chache tu, huku saa yake ya ndani, wochidogi, ikingoja kuiamsha. Ila wochidogi mwisho wake sekunde 8! Ukitaka kupima kila dakika 15, chipu iamke, ihesabu, ilale tena, mara 112 hivi. Joto nalo huipotosha; ukitaka saa ya uhakika weka DS3231, ina kengele ya kuamshia. Na jamani, msitumie bodi nzima ya Uno: chipu inakoroma, lakini regyuleta, taa na vipande vingine vya bodi vinaendelea kula makumi ya miliampea. Chukueni chipu tupu.