Kayaki Huharibika Nchi Kavu, Si Majini

Mtu asiyezoea maji, akimwona kijana wa Jinja akiteremka Mto Nile ndani ya kayaki, hudhani kwamba adui mkubwa wa chombo kile ni mawe na mapovu ya maporomoko. Sivyo. Chombo hicho kiliundwa kwa ajili ya mawe na mapovu. Saa zake za hatari ni zile ambazo hakuna anayekitazama, kimelala nyuma ya nyumba mchana kutwa na jua la Ikweta likikipiga. Kayaki ya plastiki iliyotupwa uani kwa miaka kadhaa yaweza kuonekana nzima, kumbe imekwisha kufa. Na kifo chake hujulikana siku mwenyewe yumo ndani yake, katikati ya mto.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba na mwepesi, uliofunikwa juu, wenye tundu ambamo mpiga kafi huketi amenyosha miguu. Kafi lake lina bapa pande zote mbili. Walioubuni ni watu wa nchi za barafu, Wainuit wa Greenland na kaskazini ya Kanada pamoja na jamaa zao wa Alaska. Katika sehemu kubwa ya nchi hizo miti haimei, hivyo mbao za mifupa ya chombo ziliokotwa ufukoni, zimeletwa na mikondo ya bahari. Juu ya mifupa hiyo walivika ngozi za sili, mnyama wa baharini, zilizoshonwa na wanawake kwa uzi wa mishipa ya wanyama. Ngozi hizo zilitaka kukaushwa na kupakwa mafuta, maana zikikaa majini siku nyingi hulowa na kuoza. Na nchi kavu walikuwako mbwa wa kuvuta sleji, wenye njaa isiyokwisha, ambao kwao ngozi ya sili ni chakula. Kwa sababu hiyo kila mwindaji alisimamisha nguzo za mawe, akaipandisha kayaki yake juu, mbali na meno. Nguzo za namna hiyo zingali zikionekana katika pwani za kaskazini hadi leo. Baba ambaye chombo chake kililiwa usiku hakuwa na njia ya kwenda kuwinda asubuhi, na nyumba nzima ililala njaa.

Afrika Mashariki nayo ina elimu yake ya jambo hili. Mabaharia wa pwani walipaka mbao za majahazi kwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na chini ya chombo wakapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kisha nyufa wakazikalafati kwa pamba. Mwenye mtumbwi wa gogo hukiacha chombo chake kivulini, akakifunika kwa majani, au akakiachia maji kidogo ndani, kwa kuwa mti ukikaushwa ghafula na jua hupasuka toka omo hadi tezi. Wazee hao walijua kwamba chombo kisipotunzwa mahali kinapolala hakitamtunza mtu mahali kinapokwenda.

Upande wa jeshi, upo mfano wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Desemba 1942 wanamaji wa Uingereza walipelekwa kwa nyambizi hadi karibu na mlango wa mto Gironde, nchini Ufaransa, ili wapenye hadi bandari ya Bordeaux na kutega mabomu kwenye meli za adui. Vyombo vyao vilikuwa kayaki 6 za kukunja, zenye ubavu wa turubai. Katika kuzitoa kwa mlango wa nyambizi, moja ilichanika ubavu, na watu wake 2 wakalazimika kubaki kabla ya kugusa maji. Kayaki 5 ziliondoka na watu 10. Zilizofika Bordeaux ni 2. Meli kadhaa ziliharibiwa. Waliorudi wakiwa hai ni watu 2 tu. Wengine walikufa majini au waliuawa baada ya kukamatwa. Hapana awezaye kusema mambo yangekuwaje kama ile ya 6 isingalichanika, lakini lililo wazi ni kwamba haikuchanwa na adui wala na wimbi.

Kayaki nyingi za leo, tangu miaka ya 1970, hutengenezwa kwa polithini ngumu. Unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu, kalibu huzungushwa katika joto, na unga huyeyuka ukawa gamba moja lisilo na mshono. Gamba hilo hupinda likigongwa, kisha hurudi. Lakini mionzi ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, hukatakata minyororo ya plastiki kidogo kidogo, hata ikapoteza unyumbufu wake. Watengenezaji huchanganya dawa ya kuzuia mionzi hiyo, nayo dawa huisha nguvu kwa miaka. Mahali palipoinuka mionzi huzidi, kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na Jinja iko juu ya mita 1,100, tena karibu sana na Ikweta. Kwa hiyo kivuli ndicho dawa ya kwanza, na hakinunuliwi. Ukuta wa kusini au wa kaskazini wa nyumba, chini ya paa lililotokeza, ni afadhali kuliko turubai la bei kubwa. Chini ya mwembe pia panafaa, ijapokuwa maembe huanguka. Wapo wanaoipaka kayaki rangi ya nyumba wakidhani wameilinda. Hiyo ni kazi bure, kwa maana rangi haishiki juu ya polithini.

Adui wa pili ni uzito wa chombo chenyewe. Plastiki ikipata joto hulegea, na kayaki iliyolazwa juu ya mawe mawili tangu asubuhi huonekana jioni imebonyea tumboni. Isitundikwe kamwe kwa vishikio vya ncha zake, maana itapinda katikati kama ndizi. Kichanja kizuri ni cha miti miwili ya kulala, kimoja cha nne cha urefu toka kila ncha. Yaani kayaki ya mita 4 huegemea mita moja toka kila upande. Miti hiyo ivikwe mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, au itumike mikanda mipana badala ya miti. Kayaki ilazwe kwa ubavu, sehemu yake iliyo ngumu zaidi, au ifudikizwe. Ifungwe isije ikapeperushwa na upepo utanguliao mvua ya ziwani, lakini isiminywe kwa kamba. Iliyokwisha kubonyea yaweza kuponywa kwa maji ya moto yaliyomiminwa polepole huku mtu akisukuma kwa ndani.

Turubai likitumika, lisiguse chombo. Liinuliwe juu ya ufito kama paa la hema, lenye rangi nyeupe au hafifu, ncha zote mbili wazi ili hewa ipite. Turubai jeusi lililofungwa sana hugeuka tanuri mchana, na usiku hufuga unyevu. Kayaki ndefu za baharini zina vyumba vyenye vifuniko vya mpira; vifuniko hivyo vilegezwe wakati wa kuhifadhi, kwa kuwa hewa iliyofungiwa hutanuka kwa joto na yaweza kuzing'oa kuta za ndani. Iliyotoka maji ya chumvi isuuzwe kwanza kwa maji baridi, la sivyo skrubu zitakula kutu.

Jambo linalowahusu akina mama zaidi ya wapiga makafi ni maji ya mvua. Kayaki iliyoachwa tundu juu ni birika la kuzalia mbu. Toka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua yapata juma moja au mawili, na katika nyumba za askari zilizosongamana, chombo kimoja kilichosahauliwa chaweza kuwaletea watoto wa safu nzima homa ya malaria. Ndani ya tundu hilo pia hujenga nyigu, huzaa panya, na panya huleta nyoka. Yafaa tundu lifunikwe kwa kitambaa kizito kinachopitisha hewa, ambacho cherehani ya nyumbani hukishona kwa nusu saa, na kabla ya mtu kutia mguu, chombo kigeuzwe na kupigwa ubao. Miguu ya kichanja isimame juu ya mawe au saruji, kwani ikizikwa udongoni mchwa huila. Mnyororo upitishwe tunduni na kufungwa mtini, maana si kila mpita njia ni mwema.

Mashua za doria za faiba hufuata karibu kanuni hizi hizi, isipokuwa faiba haibonyei kwa joto. Ubaya wake ni nyufa nyembamba za juu zinazonywa maji.

Kwa anayenunua kayaki iliyokwisha kutumika, kama vijana wengi wa mtoni wanunuavyo, kuiona rangi peke yake hakutoshi. Mkono upitishwe juu ya gamba: ukitoka na vumbi kama chaki, jua limekula. Kisha chini ya kiti na kandokando ya tundu paangaliwe kama pana nyufa ndogo kama nywele au weupe mahali palipopindwa. Gamba libonyezwe kwa kiganja. Zima huitika na kurudi, lililokufa hulia. Ufa katika plastiki iliyo hai huzibwa kwa kuyeyusha kipande cha polithini ya aina ile ile. Katika plastiki iliyokufa kiraka hakishiki, na ufa mwingine hufunguka kando yake. Kayaki ya namna hiyo haifai tena kwa maporomoko ya Itanda wala kwa mto mwingine wowote. Huweza kukatwa katikati ikawa hori la kunyweshea mbuzi.